Mlakumbi wa Mama Mkwe

Kuna watu wakikumbuka aibu yao wanacheka. Mimi bado. Niko zangu pale Malaba kati ya malori, karatasi za mizigo mkononi, na jambo lenyewe linanijia tu, masikio yanapata moto, mpaka dereva ananiuliza, "Boss, uko sawa?" Namwambia niko sawa. Nitamwambia nini? Kwamba nimemkumbuka mama mkwe?

Lakini kabla ya mama mkwe lazima nianze na mmea, maana bila ule mmea asingetoka nje siku ile, na mimi ningeoga nikamaliza kama watu wengine.

Tunauita mlakumbi. Unamea juu ya vichuguu kule kwa wakwe zangu, ukishapita Nambale ukielekea Butula, na sijawahi kuuona umemea mahali pengine. Majani yake ni mapana, yamelala chini kama mtu aliyechoka. Katikati yake kunasimama kibuyu kidogo cha kijani, ukubwa wa kikombe cha chai, na juu yake kuna kifuniko. Kiangazi chote kifuniko kimefunga kabisa. Ukikigonga kwa ukucha kinalia kama ganda la njugu, na mtu asiyeujua ataapa kwamba mmea umekufa.

Mvua ikija, mambo yanabadilika. Kifuniko kinalegea, kinainuka polepole, na harufu inatoka humo ndani kama ya machicha ya pombe ya busaa. Kumbikumbi wanaipenda hiyo harufu kama wajomba zangu wanavyoipenda. Anayeingia anakuta upande mmoja wa kibuyu ngozi yake ni nyembamba, kama karatasi iliyolowa mafuta, na mwanga unapita. Anadhani ule ndio mlango. Anaufuata, anateleza, anaanguka kwenye maji makali yaliyo chini, na habari yake inaishia hapo.

Sisi wenyewe tunawatega hivyo hivyo. Tunafunika kichuguu kwa fito na blanketi, tunaacha tundu moja la mwanga na shimo chini yake, kisha tunapiga vijiti juu ya ubao ili wadhani ni mvua. Ni nani alimwibia mwenzake hiyo akili, mtu au mmea, sijui. Najua tu kwamba mlakumbi ni mlaji mwenye adabu kuliko mimi. Hauli mabawa. Unayasukuma nje taratibu, na asubuhi unayakuta yamelala kwenye majani. Wale askari wa mchwa wenye vichwa vikubwa, wanaouma, hauwataki kabisa.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo mimi mwenyewe sikuliamini mpaka nilipoliona. Kumbikumbi wa kwanza mmea hauwagusi. Wanaingia, wanazunguka mdomoni, wanatoka wamejipaka vumbi la mbegu miguuni, wanaruka. Popote watakaposhuka na kuanza kichuguu kipya, mlakumbi mpya unaanza pamoja nao. Baada ya hao ndipo unakula. Kwa hiyo mmea unakula watoto wa kichuguu, na kichuguu kinaupandia mmea watoto wake. Wanahitajiana. Lakini kibuyu, hata ukikigeuza vipi, baada ya muda utakikuta kimekipa kichuguu mgongo. Wazee wa kule wakiulizwa kwa nini, wanajibu kama kitu cha kawaida tu: "Hao ni wakwe."

Wakwe kwetu ni kitu kizito. Mama mkwe wako humshiki mkono. Humtazami usoni. Huketi kwenye kiti alichoinuka. Yeye naye halali nyumbani mwako wala hali chakula chini ya paa lako, mpaka siku aalikwe rasmi na wanawake wa kwao waje naye na mbuzi achinjwe. Mkikutana njiani mmoja anaingia kando na kugeuka. Si chuki. Ni heshima, tena heshima yenyewe inaitwa aibu, na mtu asiyekuwa nayo watu hawamwozi binti yao. Mke wangu ana shangazi ambaye aligongana na mkwe wake mlangoni, bega kwa bega, bahati mbaya tu. Mama wa watu alichukua kikapu chake akarudi kwao kwa miguu, mvua inanyesha, na hakuna aliyemzuia.

Sasa huyo mama mkwe wangu alipata mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefifia zamani, likawa la kuonea vivuli tu, na la pili likaanza kulifuata. Akafanyiwa upasuaji hapa Busia mjini. Daktari alimwita mke wangu kando akamwambia waziwazi: huyu mama asianguke, asiiname, asikae kwenye moshi, mpaka siku ya kumwona tena. Akianguka, hilo jicho limekwenda, na lile lingine halina kazi. Kwake kijijini anapikia kuni katika jiko lisilo na dirisha. Kwa hiyo angekaa kwetu. Lakini kwetu ni wapi? Vyumba viwili kwenye ploti ya kupanga, na ndani yake mkwe mzima mwenye kifua na sauti ya tarumbeta.

Jirani yetu mmoja alituokoa. Ni mama wa Kiganda anayeuza nguo za mitumba, anaishi peke yake chumba cha tatu kutoka chetu. Alisema, "Alale kwangu, ssebo. Mimi sina mkwe, sina wa kuogopa." Basi mama mkwe akalala kwake na kula kwake. Mke wangu alipika kwetu, akavusha sahani uani, na chakula kikishavuka mlango wetu kilihesabika kuwa cha jirani. Mungu anajua, na nadhani alikuwa anacheka.

Alikuja na mfuko wa nguo, na debe la mafuta ya kupikia lililojaa udongo mwekundu. Ndani ya debe kulikuwa na mlakumbi. Greda la barabara lilikuwa limesawazisha kichuguu chake, kile alichokirithi kwa mama yake, na huo mmea mmoja ndio aliouwahi. Ploti nzima ilikuja kuutazama. Jirani alipoambiwa unakula nyama alirudi nyuma hatua mbili. "Banange! Mmea una mdomo?" Kesho yake alikuwa anaukamatia nzi.

Mimi nilijifunza kukohoa. Ndiyo desturi: mkwe akitaka kupita anakohoa, ili mama asikie, ageuke au aingie kando. Nikitoka nyumbani nakohoa. Nikienda choo nakohoa. Nikirudi kutoka Malaba naanzia kwenye geti. Nilikohoa hata mzee wa duka pale nje akaniuliza kwa upole kama nimekwenda kupimwa kifua. Na mama mkwe, kila nilipokohoa, alifanya sehemu yake. Akiwa amesimama alipiga hatua kando na kunipa mgongo, na bandeji yake nyeupe niliiona kwa nyuma tu, ile kamba iliyofungiwa kichwani. Tulikuwa tumezoeana hivyo. Nilianza hata kujisifu kwamba mimi ni mkwe bora.

Siku yenyewe mvua ilinyesha kubwa mchana, kisha jua likatoka. Nilikuwa nimewahi kurudi kutoka Malaba. Mke wangu alikuwa amekwenda duka la dawa kuchukua matone ya jicho. Bafu yetu ni ya mabati, iko mwisho wa uani, na kati yake na vyumba kunapita mtaro wa maji machafu uliofunikwa kwa mbao. Niliingia na ndoo yangu, nikajipaka sabuni, nikasikia kelele.

"Wametoka! Wametoka!"

Kumbikumbi walikuwa wanatoka nyuma ya ploti, kwenye ufa wa ukuta, kwa wingi wa kuficha jua. Nilisikia mabeseni, nikasikia wanawake wakiitana, na roho yangu ikaruka, maana kumbikumbi wa kukaanga na ugali ni chakula ambacho ninaweza kukigombania na mtu yeyote. Nikajimwagia maji haraka, nikafunga taulo, nikafungua mlango kidogo kuchungulia.

Watu wote walikuwa ukutani wameinama. Jirani yetu alikuwa ameinama kuliko wote. Na mama mkwe alikuwa anakuja uani peke yake, debe amelikumbatia kifuani. Kifuniko cha mlakumbi kilikuwa kimeinuka, na hata mimi kutoka pale niliisikia ile harufu. Mmea wake ulikuwa na njaa ya kiangazi kizima, chakula kinaruka hewani, na hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa anafuata sauti za watu. Mbele yake mvua ilikuwa imebeba mbao mbili za mtaro. Lakini alikuwa anapita pembeni mwa lile shimo, akienda hivyo hivyo angelikosa kwa hatua moja.

Mimi nilitaka kumwonya. Mtu wa kawaida angepiga kelele: mama, simama! Mimi mdomo wangu haukujua neno hilo. Tangu nioe sijawahi kumwita kwa sauti. Mdomo ulijua kitu kimoja tu.

Nikakohoa.

Na yeye, kwa adabu yake yote, akafanya kama kila siku. Akapiga hatua kando na kunipa mgongo. Hatua yenyewe ilikuwa upande wa mtaro.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka mguu wake ukikosa chini, na debe likiinuka juu, maana hata alipokuwa anaanguka hakuliachilia. Nilimkamata kwa mikono yote miwili, chini ya makwapa, nikamvuta nyuma, uzito wake wote ukanilalia kifuani. Mama mkwe! Kifuani! Mikono yangu ina maji na sabuni, kibuyu cha mlakumbi kiko karibu na pua yangu, na kumbikumbi wawili wanatembea mdomoni mwa kibuyu kwa raha zao, maana hao ni wale wa kwanza. Nikamsimamisha imara kwenye saruji. Nikamwachilia. Hapo ndipo nilipohisi upepo.

Taulo lilikuwa kwenye mtaro.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi sikuchutama. Laiti ningechutama! Nilikimbia, uani wote, mchana kweupe, na ploti nzima ilikuwa imeshainuka na mabeseni yao kutazama ni nini kimetokea. Niliwapa mgongo na kila kilicho chini ya mgongo, nikaingia bafu nikafunga komeo, nikaketi juu ya ndoo.

Kule nje hapakuwa na sauti. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Wangecheka ningejua ni kichekesho. Lakini wote pale walijua mimi ni nani kwake na yeye ni nani kwangu. Nilimshika mama mkwe wangu, nikasimama uchi mbele yake. Shangazi mtu alirudi kwao kwa sababu ya bega! Nililia mle bafuni, sioni haya kulisema hilo, maana haya zangu zote zilikuwa zimekwisha tumika. Nililia kwa sababu niliona mambo yatakavyokwenda: atafunga mizigo leo hii, atarudi kwenye moshi wake, na jicho litakufa. Nami ndiye nitakuwa nimelitoa, kwa kukohoa.

Mke wangu alirudi, akanipitishia suruali juu ya mabati. Nilimweleza kwa kunong'ona. Alianza kucheka, haki ya Mungu alianza, kisha akanyamaza. "Amejua ni wewe?"

"Sijui. Alikuwa amenipa mgongo."

"Na ulipokimbia?"

Jicho la upasuaji lilikuwa limefungwa, hilo sawa. Lakini lile lingine, la vivuli, lilikuwa wazi.

Alikwenda chumba cha jirani, nami nikasimama nyuma ya mlango wetu nikisikiliza. Baadaye aliniambia kwamba alimkuta mama yake kitandani, ametandika leso, ameweka nguo zake katikati na ameshafunga pembe mbili. Debe liko miguuni. Kisha mama akainua sauti, sauti ya kutosha ploti nzima isikie.

"Nauliza. Ni nani aliyenishika pale nje?"

Nilisikia kumbikumbi wakigongagonga kwenye beseni la mtu. Niliona mwisho wa ndoa yangu, niliona wajomba wa mke wangu wamekaa kwenye mstari wakinisubiri nijieleze.

Jirani yetu akasema, "Ni kijana wa boda, mama. Alikuwa ameleta mzigo wangu."

Mwanamke huyo hajawahi kuletewa mzigo na boda. Anabeba mwenyewe kichwani. Lakini mwingine akadakia, "Ndiyo, wa boda," na mwingine tena, na watoto nao wakasema wa boda, na kwa muda mfupi ploti nzima ilikuwa imemwona huyo kijana.

"Amekwenda wapi?"

"Amekimbia, mama."

"Naam. Nimesikia akikimbia." Kisha akaongeza, "Mikono yake ilikuwa baridi sana. Na inanukia sabuni."

"Ni mvua, mama," akasema jirani.

"Mvua," akasema mama mkwe. "Basi Mungu ambariki kijana wa boda. Ningekuwa nimepoteza jicho."

Akazifungua zile pembe mbili za leso, akazirudisha nguo zake mfukoni, akaomba chai.

Mtu mwingine angeshukuru na kulala. Mimi sikulala. Siku zilizobaki niliishi kama mwizi kwenye ploti ninayoilipia mwenyewe. Kukohoa niliacha kabisa, ningewezaje tena? Nilitoka asubuhi kupitia tundu la ua nyuma, nikakaa Malaba mpaka malori yenyewe yakanichoka. Nikioga nilioga kule, kwenye bafu za madereva. Watoto wa ploti wakiniona waliangalia chini kwa pamoja, wamefunzwa, na hiyo heshima yao ilinichoma kuliko matusi. Hata mzee wa duka aliniuliza kama nataka taulo jipya, kisha akajifanya kwamba alikuwa anauliza kila mteja.

Siku ya daktari mke wangu aliniambia nilete mfuko na debe mpaka hospitali, kwa sababu mama angepanda gari la kwao moja kwa moja kutoka pale. Nilikwenda mapema. Nikasimama karibu na geti, mfuko begani, debe mikononi. Mlakumbi ulikuwa umeshiba. Kifuniko kilikuwa kimefunga, na mabawa yametapakaa kwenye majani. Niliyaokota moja moja, maana sikuwa na pa kupeleka macho.

Nikasikia sauti ya mke wangu inakuja, na hatua za mama yake, safi, za haraka, hatua za mtu anayeona anakokanyaga. Nilijua bila kuambiwa kwamba jicho limepona. Nilitaka kupiga magoti pale pale. Badala yake nikafanya inavyopasa: niligeuka, nikatazama ukuta, nikawapa mgongo.

Hatua zikasimama.

"Nani huyo ametazama ukuta?" akauliza.

"Ni mkwe wako, mama. Ameleta vitu vyako."

Nilihisi lile jicho jipya linatembea kwenye mgongo wangu, kutoka mabegani kwenda chini, polepole, na jasho likanitoka kama niko jikoni. Ukuta ulikuwa na rangi ya samawati inayobambuka. Ninaukumbuka ule ukuta vizuri kuliko sura ya mama yangu.

"Aha," akasema. "Nilidhani ni yule kijana wa boda."

Mke wangu akaanza kukohoa kweli, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nilisikia mfuko ukichukuliwa begani mwangu. Nikalisogeza debe nyuma, bila kugeuka, ili walichukue pia. Hakuna aliyelipokea.

"Hilo aache," akasema mama mkwe, akimwambia binti yake, maana mimi hawezi kuniambia. "Mwambie mkwe wangu, akimwona yule kijana ampe huo mmea. Kichuguu changu hakipo tena, nitaurudisha wapi? Mwambie huyo kijana auweke mbali na moshi, na kiangazi asidhani umekufa. Na umwambie siku kifuniko kikianza kuinuka, hiyo siku asiende kuoga."

Alisimama akisubiri jibu. Ninajua alikuwa anasubiri, kwa sababu hatua zake hazikuondoka. Uso wangu uliwaka moto, macho yangu yalijaa maji, na maneno ya kumshukuru yalikuwepo yote, lakini nikimshukuru tu, kijana wa boda atakuwa amekufa.

Nikakohoa.